Jumanne, Walimu Wanapogeuka Wanafunzi

Saa tisa alasiri, wanafunzi wameshatimka. Chumba cha walimu kinanuka chaki na chai iliyopoa. Mwalimu kijana wa fizikia amesimama mbele ya ubao, jasho linamtoka. Walimu wenzake, watu wazima na vitambi vyao, wanajifanya kidato cha pili.

"Mmeelewa?" anauliza.

"Ndiyooo, mwalimu!"

Nyuma kabisa, mama mwenye miwani ya kamba hajaitikia. "Mimi bado. Na hawa wote wanakudanganya."

Wanaangua kicheko. Kijana naye anacheka, kwa taabu.

Huyo mama ni mwalimu wa taaluma, msimamizi wa ufundishaji shuleni. Wanafunzi humwita Mama Bado. Walimu pia, akiwa hayupo. Kila Jumanne humsimamisha mwalimu mmoja awafundishe wenzake kipindi kilichomshinda darasani. Muhula huu anastaafu, na hajapata wa kumwachia kazi hiyo.

"Bila mtu, Jumanne itakufa," ananiambia. "Kila ninayemgusa ana udhuru. Mmoja eti mgongo! Mgongo na Jumanne wapi na wapi?"

Hakuianzisha yeye. Alipofika hapa, binti mbichi kutoka chuoni, alifundisha kemia akiutazama ubao. Darasa liliitikia ndiyo kila alipouliza. Mtihani ulipokuja, wakaanguka karibu wote.

"Nikajifungia stoo ya maabara, nikalia kweli kweli. Mkuu wa shule wa wakati ule, sasa marehemu, akagonga. Nikajua nimefukuzwa. Akasema, 'Toka huko, binti yangu, uje unifundishe mimi.' Akajibana kwenye dawati, magoti yanagusa kidevu. Siku zile jamani! Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Tangu siku hiyo, kila Jumanne akawa anamsimamisha mwalimu mmoja. Mwaka uliofuata watoto wangu wakafaulu."

Anavua miwani, anaifuta. "Nimemkumbuka sana mzee yule. Walimu tulikuwa tunapendana."

Namuuliza: kwani hawa wa leo hawapendani?

"Wanapendana, sikatai. Ila wana simu."

Mbele, kijana anaanza upya: kwa nini msumari unazama, na meli ya chuma inaelea? Safari hii haulizi kama wameelewa. Anamwita mwalimu wa historia aje aeleze mwenyewe. Mwalimu wa historia anajikuna kichwa, anakwama, anasaidiwa, mwishowe anapatia. Wanampigia makofi kama kashinda uchaguzi.

"Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kazi benki," kijana ananiambia. "Watoto wananiitikia vizuri, halafu wanapata sifuri. Inauma, bwana."

Wengine wanapotoka, yeye anabaki.

"Mama, Jumanne za muhula ujao niachie mimi."

"Wewe? Hata mwaka hujamaliza!"

"Ndiyo maana. Mimi nikishindwa bado naumia. Wakubwa wengine wameshazoea."

Mama Bado anachukua mkoba wake. Machozi yanamlengalenga, wala hayafichi.

"Haya, mwanangu. Kesho asubuhi twende wote kwa mkuu," anasema, "kabla hujajuta."