Ploti Yangu na Mitamba Yake Miwili

Mwaka nilioanza kazi kwenye machimbo ya mawe ya Kitengela, niliambiwa Ikulu inahamia huko. Nairobi imejaa, walisema, Rais atajengewa nyuma tu ya machimbo yetu. Niliamini mzimamzima. Nikaanza hata kunyoa ndevu kila asubuhi, maana huwezi kujua utakutana na nani dukani.

Wakati huo mimi na mke wangu tulikuwa tumeuza kishamba cha urithi kule kwetu Ukambani. Pesa tukagawana sawasawa, elfu ishirini kila mmoja. Mimi nikanunua ploti, jirani na hiyo Ikulu. Yeye akanunua mitamba miwili, akabaki nyumbani na watoto. Tukakubaliana: baada ya miaka kumi tutapima. Ambaye pesa yake itakuwa imezaa zaidi, kwake ndiko tutaishi sote.

Miaka kumi, ndugu yangu! Nilipika ugali wa mtu mmoja mpaka sufuria ikadhani mimi ni mjane. Nilibishana na redio, na ikanishinda. Jumapili nilienda kuisalimia ploti, nikakuta ng'ombe wa jirani yangu Mmaasai wamejaa humo.

"Sopa, mwenye ploti!" alikuwa akinisalimu kwa Kimaasai. "Nyasi yako inanenepesha wangu. Wewe inakupa nini?"

"Inapanda bei."

"Na ikishapanda, unakula nini?"

Mimi ni mtu niliyesoma asilimia shule ya jioni, nikapata cheti. Nilirudi chumbani kwangu, nikaandika ukutani bei mpya niliyosikia.

Muda ulipofika, ploti ilikuwa imefika laki mbili. Mara kumi! Nikanunua kitanda kikubwa, nikakiacha kimetandikwa, nikaenda nyumbani kumchukua mke wangu. Binti yetu mkubwa aliniletea kiti cha wageni.

Sikukikalia. Nilienda moja kwa moja zizini, nikahesabu ng'ombe watano, nikaandika bei yao ya soko kwenye karatasi yangu ya hesabu.

"Laki moja," nikatangaza. "Mara tano tu. Mama watoto, funga mizigo!"

Alikuwa akipepeta pojo. Hakuinua kichwa.

"Umehesabu waliosimama," akasema. "Waliouzwa wakamsomesha huyu binti yako mpaka fomu foo, umewaweka wapi? Haya mabati ya nyumba? Maziwa ya miaka kumi? Ploti yako haijatoa hata kikombe kimoja. Hata kodi ya chumba unacholala haijawahi kukulipia."

Niliitazama karatasi yangu. Ilikuwa na bei ya mwanzo na bei ya mwisho, na katikati hapakuwa na kitu.

"Lakini Ikulu ikishahamia..."

Akaweka ungo chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Baba watoto, Ikulu haihami. Na ukipima, hesabu kilichobaki pamoja na kilichokwisha kutoka."