Hati Fungani kwa Laini Yangu

Rafiki yangu alinipiga kwa pasi. Haikuwa ya moto bado, namshukuru Mungu, ila ncha yake ilinipasua juu ya jicho na damu ikamwagikia shati langu la kazi. Nami sina subira. Nilimkaba koo, nikamgongesha kichwa kwenye kitanda cha chuma mpaka chumba kizima cha walinzi wenzetu pale Al Wukair, huku ughaibuni, kikaturukia kutuachanisha.

Tulitoka naye Kenya kwa ndege moja. Serikali ya kwetu ilipoanza kuuza hati fungani kwa simu, mwaka 2017, tulijiona tumeukata: unaikopesha serikali ukiwa umekaa kwenye basi la kampuni kwenda zamu Al Sadd, nayo inakulipa riba! Lakini laini yake ya simu ya Kenya alimwachia mkewe ili apokee pesa za matumizi, kama wengi wetu tufanyavyo. Akanunua kupitia yangu. Pesa zake, jina langu.

Kisha mamake akalazwa na uvimbe tumboni, na hospitali ikagoma kumpasua kabla ya malipo. Hati zilikuwa hazijaiva, yaani muda wake haujatimia, na kuziuza mapema sharti apatikane mtu wa kuzinunua. Nilijaribu kila siku kwenye simu. Wapi! Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu ilikuwa na daftari la serikali nzima na bado haikushikika.

"Umekula hiyo pesa," aliniambia jioni ile, pasi mkononi.

"Sijala hata ndururu. Iko kwa serikali."

Ndipo aliponipiga.

Wenzetu walitusihi tunyamaze, maana polisi wakija tungefukuzwa nchini sote wawili. Yeye alikaa sakafuni, mdomo umejaa damu, akilia bila aibu.

"Sema tu umekula, bro," alisema. "Kama ni wewe, nitakugonga hadi ulipe. Serikali nitaigonga wapi?"

Hasira zikaniishia papo hapo. Nilimhurumia.

"Nimekula," nikasema.

Alinirukia tena. Safari hii sikuinua mkono, akanivunja pua. Asubuhi nikakopa kwa simu, mikopo ile yenye riba ya kunyonga, nikamlipa. Mamake alipasuliwa, akapona. Rafiki yangu hajanisalimia tangu siku hiyo, na huko kwao, mama yule akisikia jina langu hutema mate.