Nilikimbiza Kompyuta kwa Fundi, Mke Wangu Nikamwacha Sakafuni

Nilimpiga mwanamke asiye na hatia mpaka nikamharibu, kisha nikamruka pale alipolala nikaenda kutengeneza kompyuta. Naanza na hilo ili mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani. Anayetaka kunitukana anitukane hapa hapa, sina la kujitetea.

Mimi ni mtu wa Msambweni. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa karani wa Mzungu mmoja aliyekuwa akihesabu mbega kule Diani, wale kima weusi wenye manyoya meupe. Alipokwenda kwao kwa miezi miwili aliniachia laptopu yake, ile kompyuta ya kukunja, niingize hesabu zake nikiwa nyumbani.

Jamani, nilivimba kichwa! Nikipita nayo begani, hata salamu nilikuwa naitikia kwa kidevu. Msambweni nzima sidhani kama ilikuwako ya pili.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama yangu mzazi, na mke wangu. Mke nitamwita Mwanasha, si jina lake. Alikuwa mpole, na mimi nilikuwa na hasira za karibu. Watu walizijua hasira zangu na mimi nikizionea fahari, eti ndiyo uanaume. Nilishampiga kofi mara mbili tatu kabla ya hapo, nikaita kumtia adabu. Astaghfirullah!

Siku yenyewe nilirudi baada ya alasiri. Mama alikuwa amekwenda Lunga Lunga tangu asubuhi kumtazama dada yake mgonjwa. Mwanasha alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi.

Nikaifungua laptopu mezani. Harufu ya marashi ya mawaridi ikanijaa puani. Vitufe vilikuwa na majimaji, mengine ya rangi ya manjano. Nikabonyeza kuwasha. Kioo kikawaka, kikachezacheza, kikazima. Nikabonyeza tena. Na tena. Sijui mara ngapi. Mwisho ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikanyamaza.

Nikaona kibarua changu kimeota nyasi. Nikatoka uani nikipiga kelele.

"Nani ameigusa kompyuta?"

Mwanasha aliacha kukuna. Aliutazama mlango wa chumba cha mama, kisha akanitazama mimi.

"Ni mimi, bwana. Marashi yamenimwagikia. Nisamehe."

"Marashi! Ulikuwa unajinukishia nani mimi nikiwa kazini?"

Sikungoja jibu. Kofi la kwanza lilimpata sikio la kulia, kiganja kizima. Akaanguka kutoka kwenye mbuzi, nazi ikamwagika mchangani. Nikamwinua kwa nywele nikampiga palepale tena. Alipojikunja nikampiga mateke ya mbavu. Nikamburura mpaka ndani, nikafunga mlango kwa komeo, nikavua mkanda.

Jirani yetu, mama mtu mzima, aligonga dirisha kwa mikono yote miwili. "Wee! Muogope Mungu! Utamuua mtoto wa watu!" Nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Nilipiga mpaka mkono ukachoka. Wallahi, sikuacha kwa huruma, niliacha kwa kuchoka!

Damu ilikuwa inamtoka sikioni, kidogo tu, ikimshuka shingoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikio linavuma. Nipeleke hospitali."

Hospitali ilikuwa karibu, kwa miguu robo saa haifiki. Nami nikaifunga laptopu kwa kanga, nikamruka pale sakafuni, nikaenda barabarani kutafuta gari la Ukunda.

Ukunda palikuwa na fundi mmoja kijana wa bara, aliyezoea kompyuta za mahotelini. Aliipindua, akatoa betri, akafungua skrubu moja moja. Kisha akanitazama.

"Boss, uliwasha hii kitu baada ya kumwagikiwa?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Aii, sasa wewe ndiye umeichoma! Hapa imeingia matone tu. Ungetoa betri, uilaze kifudifudi siku mbili tatu bila kuigusa, pengine ingeamka yenyewe."

Akaniambia njia ni mbili: kuiacha ife nikamweleze mwenyewe ukweli, au aifungue yote, aioshe kwa spiriti, na vitufe vipya viagizwe Nairobi. Hakunipa ahadi. Aliniambia nifikirie kwanza.

Nilikaa kwenye benchi lake nikifikiri kwa makini kuliko nilivyopata kufikiri maishani. Je, itapona? Je, kutu itaingia? Je, hesabu za mbega zitapotea? Nilimuuliza maswali kama mtu aliyeleta mzazi wake wodini. Mwanasha hakunipita akilini hata mara moja! Mwisho nikasema, "Itengeneze."

Fundi akaonyesha shati langu. "Na hiyo damu?"

"Nimejikata," nikasema.

Siku tatu Mwanasha alilala upande mmoja. Sikio likaanza kutoa usaha, nami nikamwambia aache kujidekeza, atie mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Siku ya tatu mama akarudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, kompyuta yako i salama? Watu wanaitazama kwa jicho baya, nami nikaona nisiiache bila kinga. Nimeinyunyizia kombe asubuhi ile kabla sijaondoka."

Kwetu kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi. Huyanywa mgonjwa, na kitu kipya hunyunyiziwa kisipatwe na husuda. Mama alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kwa miguu yake, kwa ajili yangu. Alipoinyunyizia, kifuniko cha mrashi, kile kichupa cha kunyunyizia, kikachomoka, akapangusa kwa ncha ya leso, akaifunika akaenda zake akijua ametenda jema.

Nikaingia chumbani. "Mwanasha, kwa nini ulisema ni wewe?"

Alijibu bila kuinuka. "Nilimwona mama akiipangusa, na mkono wako naujua. Ungemtolea mama neno baya, au ungemgusa, ungepata laana usiyoipona. Nikaona bora ushuke kwangu."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akamfunua Mwanasha kanga, akaona mgongo. Akavua kiatu akanipiga nacho usoni mpaka mdomo ukapasuka, huku analia. Nilisimama tu. Kisha akampa Mwanasha bega, wakaenda hospitali wawili wale, mimi nikibaki nimeshika komeo la mlango.

Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka na uchafu umeingia ndani sana, walichelewa. Sikio la kulia halikusikia tena.

Laptopu ilipona! Ilirudi na vitufe vipya, hesabu zote zimo. Mzungu alipokuja aliishika akacheka, akanishukuru kwa kuitunza. Nikasema karibu. Nilitaka ardhi inimeze.

Mwanasha alidai talaka yake nami nikaitoa, kwa uso gani ningemkatalia? Akaenda kwao Matuga. Haikupita miezi miwili, mama naye akafunga mizigo akamfuata. Nilimwangukia miguuni, nikamwomba radhi.

"Radhi yangu unayo, mwanangu," alisema. "Lakini sikio si langu. Kamwombe mwenyewe."

Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata moyo wa kwenda. Nilimkuta amekaa kizingitini anachambua mchicha. Nilikaa kando yake, nikainamisha kichwa, nikayanong'ona yote: kofi, mkanda, kumruka, mafuta ya nazi. Machozi yalinidondoka mapajani. Nilipomaliza nikangoja.

Akageuka taratibu. "Umesema nini? Upande huo sisikii. Hebu hamia huku, uniambie."

Ndugu zangu, sikuweza! Nilisimama, nikasema nimekuja kumsalimu mama tu, nikaondoka. Sijarudi mpaka leo.

Wewe unayesoma hili na mkono wako ni mwepesi kama wangu, kitu kikiharibika nyumbani toka nje. Kaa huko mpaka upoe, ndipo uulize nani kafanya nini. Na kama umeshapiga, mpeleke hospitali sasa hivi, kisha mwombe msamaha angali anakusikia.