Kahawa ya Wakwe Niliyoitia Magadi

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu wakwe zangu wameshaisambaza Ifakara nzima, na kila wakiisimulia wanaongeza chumvi, bora muisikie kwangu niliyeipika.

Ilikuwa miaka ya hamsini, siku wazee wa Laurenti walipokuja kwetu Lumemo kunichumbia (na nilimtaka kijana huyo, sijifichi), na mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Moshi alikuwa ametuletea kifuko cha kahawa mbichi ya arabika, maana tulisikia baba yake Laurenti aliwahi kufanya kazi mashambani huko na hakuna anachokipenda kama kahawa. Mama akaniuliza, "Unajua kuipika?" Nami, mtoto wa mpunga na samaki, nikajibu, "Najua, mama."

Nikazitazama zile punje, za kijani, bapa upande mmoja, zina mfereji uliopinda katikati, nikasema hizi ni ndugu zake kunde tu, nikazibandika na maji. Saa nzima, bado ngumu. Nikatia magadi, kama tunavyofanya kwa maharage makaidi, chungu kikafura povu la kijani, na wageni hao wameshaingia, shikamoo zimekwisha, baba mkwe anauliza mbona hasikii harufu.

Nikachomoka mlango wa nyuma hadi kwa Mzee Shomari mwenye duka, mtu wa pwani. Nikamweleza, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, arabika ni kahawa ya milimani, ina harufu nzuri kuliko zote, lakini haitoki mpaka uikaange. Kaanga, twanga, ndipo uchemshe."

Sikungoja amalize. Nikarudi mbio, nikaweka chungu kingine kikavu motoni (cha mama, alichokipenda), kikapata moto hasa, nikamwaga humo zile zile punje pamoja na maji yake ya magadi. Chungu kikapasuka paa, maji yakamwagikia kuni, majivu na moshi vikajaa nyumba, wageni wote nje wanakohoa, na mimi mlangoni, uso masizi, nalia kwa sababu nilijua uchumba umekufa.

Baba mkwe akaokota punje moja, akaing'ata, akaitema.

"Magadi?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo, baba."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamgeukia baba yangu. "Mwenzangu, binti tumempenda. Mahari tutaleta, na kahawa tutaleta ikiwa imeshakaangwa."

Nikaolewa mwaka uleule. Kahawa kwetu anapika Laurenti, mimi naapa sitaigusa tena, nainywa tu, na kumbe ni tamu.