Sakafu Iliyokunywa Sukari Yetu

Saruji ikimwagiwa maji hutoa harufu ya vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza, ila ni kali zaidi, inapanda puani na kukaa huko. Kwetu Garissa, ambako mvua huja ikitaka na mara nyingi haitaki, harufu hiyo ilinifanya niangalie juu kutafuta mawingu hata nilipojua kwamba ni Abti tu, kaka yake mama, anakoroga zege uani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ninakaribia kumi na sita, nasoma sekondari ya bweni huku pwani, na nimezoea kuandika katika daftari mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya watu. Hili nimeliandika mara nyingi na kulifunika. Leo naliandika ili lisomwe.

Ulikuwa mwaka ambao vita vya shifta vilikuwa vimeshatuzoea na sisi tumevizoea. Waliotaka mkoa wetu ujiunge na Somalia walikuwa porini na bunduki zao, askari wa serikali walikuwa mjini na zao, na katikati tulikuwa sisi na kafyu. Ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu awe ndani mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Si ndani ya ua, ndani ya nyumba, chini ya paa. Doria ilipita na kumulika tochi juu ya nyua, na kilichotikisika huko kilipigwa risasi kwanza, maswali baadaye. Mbuzi wa jirani walikufa hivyo wawili. Baba alikuwa amekwenda Mandera na biashara yake na barabara ikafungwa nyuma yake, kwa hiyo nyumbani tulibaki mama, mimi na Ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa mama.

Ayeeyo alikulia nyuma ya ngamia upande wa Ijara, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mpaka akawa anaona mwanga na kivuli tu. Porini hilo halikumsumbua. Miguu yake ilijua mchanga wa njiani na mchanga wa zizini, ilijua wapi maji yamepita jana. Lakini ua wetu ulikuwa umesakafiwa na mwenye nyumba wa kwanza, saruji laini inayong'aa kama sahani, na kwa miguu ya Ayeeyo sakafu ile ilikuwa haina habari yoyote. Kila mahali palikuwa sawa na kila mahali. Alipotawadha maji yakamwagika, akateleza. Mara ya kwanza aliumia kiuno. Mara ya pili alivunjika kifundo cha mkono, na huku akifungwa vijiti na kitambaa alitangaza bila kupandisha sauti kwamba atarudi Ijara. Lori lilikuwa likienda huko Alhamisi ya wiki iliyofuata, likisindikizwa na jeshi.

"Mchanga haujawahi kunitupa," alisema. "Nyumba yenu imenitupa mara mbili."

Mama alimwambia kwamba mwezi uleule lori jingine lilishambuliwa katika njia hiyohiyo na watu hawakurudi. Ayeeyo akasema yeye ni mzee, risasi itamwonea aibu. Mama akatoka akaenda kulia jikoni, nami nikamfuata nikasimama mlangoni bila la kusema, kama kawaida yangu. Jioni hiyo ndipo Abti alipokuja, akapapasa sakafu kwa kiganja, akamwambia Ayeeyo, mama yake, "Hooyo, nipe siku nane. Nitakutengenezea ardhi."

Abti alijifunza ufundi Malindi na Mombasa, akijenga nyumba za watu wanaokaa kando ya bahari. Huko, alituambia, hakuna mwenye akili anayeweka sakafu laini barazani. Watu hutoka majini na miguu iliyolowa wakaanguka, na upepo wa chumvi humenya chokaa na rangi mwaka haujaisha. Kwa hiyo mafundi humwaga zege lenye kokoto za mviringo, hulisawazisha, halafu hungoja. Zege likianza kukaza lakini bado halijakaza, huoshwa kwa maji na burashi, ule uji wa saruji wa juu unaondoka, na kokoto zinabaki zimetokeza nusu, nusu zimeshikwa. Huko kazi hiyo waliiita kuosha uso. Mguu hautelezi, na chumvi haina cha kumenya maana jiwe ni jiwe. Abti alisema ukitembea pekupeku juu yake unajua kila hatua uko wapi. Ayeeyo aliyasikia hayo yote akanyamaza, na kwetu kunyamaza kwake kulikuwa ruhusa.

Kokoto hazikuwa tabu. Kila mkokoteni wa mchanga uliotoka mto Tana ulipochekechwa, vijiwe vya kahawia na vyeupe vilibaki juu ya wavu na kutupwa, nasi tukavikusanya. Abti akachimbachimba sakafu ya zamani kwa tindo ili zege jipya lipate pa kushika, akapanga njia kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi wa maji na kutoka hapo hadi chooni. Tabu ilikuwa saa. Alikuwa ameajiriwa kwenye nyumba za serikali mpaka saa nane mchana. Akifika kwetu, akikoroga, akimwaga na kusawazisha, ilikuwa saa kumi. Wakati wa kuosha ungekuwa saa moja jioni, na saa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuwa uani, sembuse Abti, aliyekaa mtaa mwingine na aliyetakiwa aondoke saa kumi na moja na nusu. Siku ya kwanza aliosha mapema, kokoto zikang'oka zikaelea kama maharage. Siku ya pili aliacha mpaka asubuhi, na joto la Garissa lilikuwa limeshamaliza kazi. Aliipiga burashi ya waya mpaka jasho likadondoka na sakafu ikabaki laini vilevile. Ayeeyo alitia mguu mmoja, akautoa. Akaanza kukunja nguo zake kwenye fumba, mfuko wake wa mkeka.

Siku ya tatu nilitumwa nimpelekee Abti chai. Chai ya kwetu ni ya maziwa na hiliki, na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Abti alikuwa amekwenda nyuma kuosha mwiko na karai. Nikajikwaa kwenye ubao wake wa kusawazishia, na nusu ya chai ikamwagika juu ya zege bichi. Sitasema uongo kwamba nilimwita. Nilipiga magoti, nikapuliza, nikapangusa kwa kiganja, nikalainisha kwa vidole mpaka pakafanana na pengine, kisha nikampa Abti nusu kikombe. Aliangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Mama yako ameanza kubana?" akauliza. Nikainamisha kichwa kama mtu anayekubali.

Asubuhi sakafu nzima ilikuwa jiwe, isipokuwa mahali padogo, ukubwa wa sinia, palipobonyea chini ya kidole. Abti aliamua kwamba mfuko wa saruji ulikuwa mbovu, umepata unyevu dukani. Akasema akitoka kazini atakwenda kwa mwenye duka kumwambia mbele ya wateja wake ni mtu wa namna gani. Mwenye duka yule alikuwa mpole, na alinipa peremende kila nilipotumwa. Abti alimwaga maji pale palipolegea ili apakwangue, akapitisha burashi, na uji ukaondoka. Kokoto zikatokea, kahawia na nyeupe, zimekaa imara kama meno. Yeye mwenyewe hakuona, alikuwa amekasirika na amechelewa. Aliyeona ni Ayeeyo. Alikuwa akipita na mkono ukutani, mguu wake ukafika pale, ukasimama. Akaleta na wa pili.

"Hapa pazuri," alisema. "Kwa nini hapa tu?"

Akageuza uso upande wangu, maana alijua siku zote nilipo hata nikinyamaza. "Shamso, nimeuliza."

Basi nikasema. Nilisema nikiangalia kokoto, maneno yote kwa mkupuo mmoja, chai na ubao na kiganja na nusu kikombe. Nilingoja kofi. Abti akamgeukia mama. "Ilikuwa na vijiko vingapi vya sukari?"

"Vitano," mama alisema. "Si ndivyo unavyotaka?"

Abti akachutama akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema huko Malindi fundi wake mkuu aliwafukuza kazini vijana wawili waliokula miwa karibu na zege, kwa sababu sukari haiiachi saruji ikaze. Miaka yote hiyo aliiogopa sukari kama mchwa, na haikumjia kwamba hicho hasa ndicho alichokuwa akikitafuta, kitu cha kuishika saruji ya juu isikaze mpaka kafyu iishe, huku ya chini ikikaza na kushika mawe.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikunywa chai tamu. Malori yalikuja kwa kusubiriwa na sukari ilipimwa dukani kwa vikaratasi vilivyokunjwa, kwa hiyo ilikuwa ama sisi ama sakafu. Abti alichimbua vipande vilivyoharibika akavianza upya. Kila jioni alipomaliza kusawazisha kipande chake, mama alikoroga sukari kwenye maji, tukaloweka karatasi za mifuko ya saruji na kuzitandaza juu ya zege, magunia yakifuata. Asubuhi tulizibandua, tukamwaga maji na kusugua. Ayeeyo alikunywa chai yake chungu akikunja uso. "Nimelea watoto saba," alisema, "hakuna hata mmoja aliyeninyang'anya sukari. Simiti imeweza."

Kipande cha mwisho kilipolala chini ya karatasi, asubuhi yake askari waliingia kukagua. Koplo aliona ardhi mpya imefunikwa, akaita wenzake, na bunduki zikashuka mabegani. Siku zile watu walifukia silaha nyuani. "Mama, hapa mmefukia nini?"

"Hakuna kitu, afande," mama alisema. "Hii sakafu ya mama yangu. Mzee, haoni."

Koplo aliinua karatasi kwa ncha ya bunduki. Chini yake sisimizi walikuwa wamejaa mistari kwa mistari. Akaigusa karatasi, akaonja kidole chake. "Sukari? Sisi kambini tunahesabiwa vijiko, ninyi mnainywesha sakafu?"

Mama alikosa Kiswahili cha kueleza. Kilichokuwepo kilikuwa changu cha shule, nami sikuwa nimewahi kumjibu mtu mzima mgeni hata salamu kamili. Nilimweleza nikiangalia viatu vyake, kuhusu miguu ya bibi, na burashi, na kafyu yenyewe. Akaburuza ncha ya bunduki kwenye zege kuona kama kuna kitu chini, ikaacha mfuo mrefu. Ayeeyo akasema kwa Kisomali kutoka mlangoni, "Mwambie chai ipo, ila sukari aikwangue chini." Koplo akauliza mzee amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, kwa hofu sikujua kupunguza. Akacheka, wenzake wakacheka, wakatoka.

Alhamisi lori lilipiga honi barabarani na fumba la Ayeeyo lilikuwa limeshafungwa. Abti alikuwa ameomba ruhusa kazini. Ayeeyo alivua ndara, akatoka mlangoni peke yake, bila ukuta, bila fimbo. Alifika kwenye mtungi. Akamwaga maji kwa makusudi, mengi, akasimama katikati yake na kuhamisha uzito mguu hadi mguu, taratibu, mama akiwa ameziba mdomo kwa shela. Kisha akaendelea hadi chooni. "Nani ameweka mawe makubwa hapa mwisho?" akauliza.

"Mimi, hooyo," Abti alisema. "Ujue umefika."

"Ningejua kwa harufu." Utingo wa lori akaita tena nje. Ayeeyo alirudi njia ileile, mwendo wa kawaida sasa, akakaa mkekani. "Mwambieni aende."

Lori lile lilifika Ijara salama. Nalisema kwa sababu ni kweli, ingawa ilichukua siku nyingi habari kutufikia, na katika siku hizo mama hakumwacha Ayeeyo peke yake hata alipokwenda mtungini kuchota maji.

Huku pwani, Jumapili tukipelekwa matembezi, napita nyumba zile za Abti, au zinazofanana nazo. Baraza zao ni za kokoto zilizochaguliwa rangi moja, zimetokeza sawasawa kama zilizopimwa kwa rula, na fundi mmoja alinionyesha dawa ya kopo wanayopaka badala ya kukimbizana na saa. Yetu ina mabaka ambapo sukari ilizidi, na ina mfuo wa koplo. Siku hizi naweza kusimama darasani nikajibu swali, jambo ambalo yule mtoto wa kikombe cha chai asingeliamini. Watu wanasema vita vinakaribia kwisha. Wengine wanasema walisema hivyo mwaka jana.

Likizo iliyopita niliingia uani mchana, nimevaa viatu vyangu vya shule vyenye visigino vigumu. Ayeeyo alikuwa amekaa mlangoni, sasa haoni hata mwanga. Alisikia hatua juu ya kokoto, akanyooka, akaweka mikono yake yote miwili wazi magotini, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwa ajili hiyo tu, "Hakuna mtu, afande. Mimi mzee peke yangu."

Nikainama, nikavua viatu, nikavua na soksi, nikatembea hatua nne hadi mbele yake. Kokoto zilikuwa za moto.

"Shamso," alisema, akinishika kifundo cha mguu. "Mbona unaingia kama serikali?"