Mkono wa Jacob

Kahongya alizaliwa Masereka, kule juu kwenye baridi na viazi, na baba yake ndiye aliyemfundisha kuunga mifupa. Hakumfundisha kwa maneno. Alimfunga kitambaa machoni, akamwekea mapajani mbuzi aliyevunjika mguu, akamwambia atafute kwa vidole mahali mfupa ulipoachana. Alipofika miaka kumi na tano, vidole vyake vilikuta ufa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza jinsi alivyoanguka.

Aliolewa na Paulin, mchuuzi wa maharagi, wakashuka Butembo na kujenga, katika mtaa wa Vulamba, nyumba ndogo ya mbao chini kidogo ya kiwanja cha mpira. Kiwanja chenyewe kilikuwa kimeinama upande mmoja, mawe yametokeza karibu na goli la chini. Watoto walicheza miguu mitupu, kwa viwiko na magoti, na aliyeogopa kugongana alizomewa mpaka afike kwao. Kila juma mmoja wao alishuka kwa Kahongya akiwa ameushika mkono wake kifuani kama mtu aliyebeba kuku. Kahongya alikanda kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, akanyoosha, akafunga kwa vijiti vya matete na kamba za mgomba. Alikemea sana, lakini hakumrudisha mtu.

Mwezi wa saba wa mwaka 1998 Paulin alipanda ndege ya mizigo kwenda Kisangani na magunia yake. Mwezi wa nane vita vikaanza tena, njia zikafungwa. Paulin hakurudi. Haikuja barua, wala hakutokea mtu wa kusema alimuona, mzima au maiti. Kahongya akabaki na mtoto mmoja, Élysée, wa miaka minane. Wanawake wa jirani walikuja siku za kwanza, kisha wakapungua. Mjane wanajua kumpa pole, na mke wa mtu wanajua kumsalimia. Huyu hawakujua ni yupi kati ya hao wawili, wakaanza kupita njia nyingine.

Mwaka uliofuata, alasiri moja ya mwezi wa tano, aliletwa Jacob.

Jacob alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa Berthe, mwanamke aliyeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Alikuwa ameruka kupiga mpira kwa kichwa, na mwenzake akaruka vilevile. Wote wawili walianguka kwenye yale mawe. Mkono wa kushoto wa Jacob ulikuwa umepinda juu ya kifundo. Kahongya aliunyoosha mara moja, vizuri sana, na mtoto hakulia. Alipokuwa anafunga, Jacob akageuka na kutapika. Akatapika tena.

“Ni maumivu ya mukono,” Kahongya akamwambia, akampa maji.

“Mama Élysée,” Jacob akasema, “usiambiye mama kama nilitapika. Nilijigonga ku kichwa kidogo tu. Atanikataza kucheza siku ya yenga.”

“Sitamuambia. Mais ukae, upumuzike kwanza.”

Mtoto akakaa kidogo, akasinzia, akaamka, akasema amepona. Akaondoka kwa miguu yake. Kulipopambazuka, vilio vikasikika kutoka kwa Berthe. Jacob alikuwa amelala na hakuamka.

Watu walisema mengi. Wengine walisema malaria ya kichwani, wengine sumu, wengine wakataja jina la jirani mmoja mzee ambaye baadaye alihama. Kahongya peke yake ndiye aliyejua kuhusu kichwa, na hakusema. Siku ya mazishi alifungua mdomo mara mbili akaufunga.

Baada ya siku arobaini Berthe alikuja kwake na kikapu cha sombe.

“Nimekuja kukushukuru,” akasema. “Mwana wangu alizikwa mukono wake ukiwa umenyooka. Nilimuosha mimi mwenyewe, nikaona. Wasingya, aksanti, Mama Élysée.”

Kuanzia hapo alikuja kila siku ya yenga, yaani Jumapili, baada ya misa. Walikaa jikoni, wakachambua maharagi, wakasemezana bei za soko na askari wapya waliofika mjini. Berthe ndiye mtu pekee aliyevuka kizingiti kile bila mfupa uliovunjika. Kahongya alimngoja toka asubuhi, akiogopa kwamba hatakuja, na akiogopa kwamba atakuja. Kila mara, kabla ya kuaga, Berthe alisema tena juu ya ule mkono.

Na Élysée hakuruhusiwa kucheza. Kahongya hakumpa sababu yoyote. Alisema tu, “Hapana,” na akasimamisha ua wa matete upande wa kiwanja, mrefu kupita kichwa cha mtu. Mtoto alirudi kutoka masomo, akala bundu yake, ugali wa muhogo, akakaa nyuma ya ua akisikiliza. Kwa sauti tu alijua nani amefunga goli. Mpira ulipovuka ua na kuanguka kwenye vitunguu vya mama yake, aliuokota, akaushika kidogo kwa mikono miwili, halafu akaurusha. Hakuna aliyepiga kelele kumuita. Walikuwa wamezoea kwamba kule nyuma kuna mtu anayerudisha mpira.

Mwaka 2002, alipomaliza darasa la sita, baba yake mdogo Melchior, fundi wa pikipiki kule Beni, alituma habari kwamba atamchukua amsomeshe. Siku zile watu wenye silaha walipita Butembo wakichukua watoto wenye miguu mizuri, na Kahongya akakubali. Nyumba ikawa kimya hata akaanza kuacha mlango wa jikoni wazi ili kuku waingie.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2003, Mariette, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akitoa tilapia Kyavinyonge na kuzipeleka Beni na Butembo, alisimama mlangoni na beseni lake.

“Mama Élysée, unajificha na siri! Golikipa mukali vile, na haukutuambia?”

“Golikipa gani?”

“Élysée! Beni yote inamujua. Anajitupa ku miguu ya batu kama hana mama.”

Kesho yake Kahongya akapanda lori. Kulikuwa na vizuizi vitatu njiani, na kwenye kila kimoja walishuka, wakatembea mbele ya askari, wakapanda tena. Beni alikuta mji umejaa watu waliokimbia kutoka upande wa Mambasa, wamelala kwenye madarasa ya shule na barazani mwa makanisa, na vyungu vyao wamevipanga mchana kutwa bila kitu cha kupika. Aliuliza kiwanja kabla hajauliza nyumba ya shemeji yake.

Akamuona. Amerefuka. Amevaa soksi mikononi badala ya glavu. Mchezaji mmoja mkubwa alitokea peke yake na mpira, na Élysée akatoka golini na kujirusha kichwa mbele. Goti la yule mtu likapita karibu na sikio lake.

“Élysée!” Kahongya alipaza sauti mpaka mchezo ukasimama. “Toka pale! Toka!”

Watu wote waligeuka. Mtoto aliinuka na mpira kifuani, akamtazama, akautuma mpira mbele kwa mguu kama kawaida. Hakutoka mpaka filimbi ya mwisho.

Jioni walikaa uani kwa Melchior, kati ya injini zilizofunguliwa.

“Umenipatisha haya, Mama,” Élysée akasema.

“Nilikukataza.”

“Juu ya nini? Miaka yote ile, juu ya nini? Ku Butembo nilikuwa na weye tu, na weye haukuwa unasema. Hapa banajua jina langu.”

Melchior akaingia katikati, kwa upole. “Shemeji, hawa batoto wa Mambasa anacheza nabo, wamoja hawajasema neno toka bafike. Mais ku kiwanja banapiga makelele. Mimi sikuona vibaya.”

“Weye haujaona mwenye kufa juu ya mupira,” Kahongya akasema.

Ndipo akaeleza. Alieleza mara ya kwanza katika maisha yake, akitazama chini: mkono, matapishi, maji aliyompa, maneno ya Jacob, na jinsi alivyomuacha asinzie kwenye mkeka wake. Melchior alishika kichwa. Élysée akauliza kitu ambacho mama yake hakukitegemea.

“Mama Jacob anajua?”

“Hapana.”

“Na anakuja kwetu kila yenga?”

Asubuhi, kabla ya lori kuondoka, alimvuta mtoto kando, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, vidole vikitembea nyuma ya masikio kama anavyopapasa mfupa.

“Cheza,” akamwambia. “Sitakukataza tena. Mais siku kinagongwa hiki, unatoka. Ata kama ni finale, ata kama banakucheka. Unatoka na unaambia baba yako mudogo. Hapana kunificha. Nikikukataza utanificha, njo maana sikukatazi.”

“Nimesikia, Mama.”

Siku ya yenga iliyofuata Berthe alikuja na kikapu chake. Kahongya hakungoja wachambue maharagi. Alisimama, kwa sababu akikaa angenyamaza tena.

“Mama Jacob, kuna kitu nilikuficha.”

Akasema yote. Berthe alisikiliza huku amepakata kikapu. Sura yake haikubadilika.

“Alitapika mara ngapi?” akauliza mwishoni.

“Mbili.”

“Ukamupatia nini?”

“Maji.”

“Na aliomba nisijue.”

“Aliomba. Aliogopa utamukataza.”

Berthe akatikisa kichwa polepole. “Nilikuwa nimeshamukataza,” akasema. “Toka Pasaka. Ile siku nilimufungia mu nyumba, nikaenda ku soko. Akapita ku dirisha. Aliporudi na mukono umefungwa nilimupiga, Mama Élysée. Nilimupiga kofi, hapa.” Akagusa upande wa kichwa chake mwenyewe. “Miaka ine ninajiuliza kama ni mukono wangu. Na weye ulikuwa unajua kichwa kilishagongwa ku mawe.”

Kahongya alipiga magoti. Alitaka kumshika, lakini Berthe alikuwa ameinuka.

“Kama ungeniambia siku ya mazishi, ningekulaani,” Berthe akasema, “halafu ningerudi kulala usingizi. Miaka ine.” Akaweka sombe mezani, kwa kuwa alikuwa ameileta, akachukua kikapu kitupu na kwenda zake.

Hakuja tena. Kahongya aliendelea kumngoja miezi mingi, uani amefagia, maji yapo jikoni. Kanisani walikaa upande mmoja, safu tatu kati yao, na wakati wa kupeana amani Berthe alishika mikono ya waliokuwa karibu naye. Mara moja tu alimtuma mtoto wa dada yake aliyeteguka kifundo. Mtoto aliletwa na mtu mwingine, akatibiwa, akaondoka. Kahongya alielewa kwamba Berthe bado anaiamini mikono yake, na kwamba hapatakuwa na zaidi ya hapo.

Vita vilipotulia kidogo na njia zikafunguka, Élysée hakurudi Vulamba. Alicheza mpaka miaka ishirini. Alivunjika kidole mara mbili. Mara moja alipigwa kichwani, akatoka mwenyewe, akakaa nje majuma matatu huku wenzake wakinung'unika, na Melchior akamletea Kahongya habari hizo kwa kinywa chake. Leo ana gereji yake Beni, ana mke na mtoto wa kike. Noeli anakuja siku mbili, anakula, anatengeneza bati linalovuja, anarudi. Wanapendana, ila kuna ukimya wa zamani kati yao ambao hakuna anayejua pa kuushika.

Kahongya anaendelea kuunga mifupa. Sasa, kabla ya kugusa mkono au mguu, anauliza habari ya kichwa. Anatazama macho, anauliza mtoto jina la mama yake na kile alichokula asubuhi, na akisita tu, anamtuma hospitali palepale, na anamtuma mama yake pamoja naye na habari kamili. Wazazi wengine wanakasirika: wamekuja kwa mkono, yeye anashughulika na kichwa. Wengine wanamuuliza, “Mama Élysée, weye unaona namna gani: nimuachilie acheze, ao nimukataze?”

“Ule nilimukataza alicheza,” huwa anajibu. “Na ule wa mwenzangu alikatazwa, akapita ku dirisha. Zaidi ya ile sijui. Mais fanya namna akuambie.”

Ua wa matete ulioza, na hakusimamisha mwingine. Siku za yenga anapanda kiwanjani na kukaa nyuma ya goli la chini. Hakuna anayekaa karibu naye. Si kwa ubaya: kina mama wanaona kwamba muungaji mifupa akikaa karibu na mtoto wako anaita mfupa uvunjike, kwa hiyo wanaacha nafasi kubwa, na wachuuzi wa karanga wanapita mbali. Mtoto akianguka na kubaki chini, kiwanja kizima kinamgeukia yeye. Yeye tayari amesimama, ameshika nguo yake, anahesabu pumzi. Mtoto anajipangusa, anainuka na kukimbia. Nyuso zote zinaufuata mpira, na Kahongya anakaa tena.