Mabua ya Niyonkuru

Niyonkuru, mkimbizi kutoka Burundi anayelima karibu na Mboko, hachomi mabua. Hataki nguvu ya udongo iende na moshi. Baada ya mahindi hupanda maharage, na kila akivuna hufukia mabaki pamoja na samadi. Majirani, wanaomwaga mbolea ya dukani juu ya majivu, walimcheka.

Mwaka jana watu wenye bunduki waliona udongo uliofukuliwa.

“Mama, umezika nini hapa?”

“Chakula ya udongo.”

Watu wasiowahi kushika jembe wataaminije? Wakamvunja mkono kwa kitako cha bunduki, wakachimba shamba zima wakitafuta silaha. Wakakuta mabua yaliyooza. Kwa hasira wakampiga risasi mumewe, Léonidas.

Alimzika palepale, kwa mkono mmoja. Msimu huu ni zamu ya maharage. Ameyapanda kila mahali, hata juu ya Léonidas.